Sura ya Sita: Flashi Haina Kosa

Ziba, wilayani Igunga, kama ilivyo katika miji midogo mingine ya mkoa wa Tabora, sauti mbaya ina mshitakiwa wake wa kudumu. Sabufa ikikoroma, mwimbaji akafunikwa na besi na magitaa yakasikika kwa mbali, lawama humwangukia aliye mdogo kuliko wote: flashi ni feki, memori kadi imechoka, simu ni ya bei poa. Dawa inayofuata hujulikana, nayo ni kununua simu nyingine au kicheza muziki kingine. Hoja ya sura hii ni kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Katika safari nzima ya sauti, kuanzia studio hadi sikioni, kifaa kinachoingia mfukoni ndicho chenye makosa machache kuliko vyote. Sauti huharibika kabla haijakifikia, ndani ya faili lenyewe, na huharibika tena baada ya kukitoka, kwenye spika na ndani ya chumba. Anayeelewa hivyo anaweza kusikiliza vizuri nyumbani kwa kutumia simu aliyonayo leo, na fedha yake akaipeleka mahali ambapo masikio yataona tofauti.

Muziki wa kubebwa si mgeni katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilisafirisha nyimbo pamoja na pembe na nguo, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kuimba njiani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na katika miaka iliyofuata gramofoni za kuzungushwa kwa mkono zikaingia bara na santuri zake, zikiwemo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Baadaye Tabora yenyewe ikawa mji wa bendi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Nyimbo zao zilifika vijijini kwa redio ya betri, kisha kwa kaseti. Kila chombo kati ya hivyo kilikuwa na kilema chake kinachosikika. Santuri ilikwaruza. Redio ya masafa ya kati ilipitisha mitetemo isiyozidi 4,500 kwa sekunde au zaidi kidogo, hali sikio la kijana husikia hadi 20,000 hivi. Kaseti ilikuwa na mvumo wake usiokoma, na kila iliponakiliwa kwenye kaseti nyingine mvumo uliongezeka. Ndiyo maana watu wazima wengi wana mazoea ya kukishuku chombo chenyewe, na kwa vyombo vile walikuwa na haki.

Namba zilibadilisha mambo. Mwaka 1982 Sony na Philips walipoingiza CD sokoni, kipimo walichokubaliana kilikuwa kuichukua sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila mara kuipa thamani kwa biti 16. Kwa hesabu hiyo mitetemo yote ambayo binadamu anaisikia inaingia, na nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele za mfumo wenyewe ni kama desibeli 96. Kaseti ya kawaida ilikuwa na 50 na kitu. Leo chipu inayogeuza namba hizo kuwa umeme ni ndogo kuliko punje ya mchele na bei yake kiwandani ni ya kutupwa, hivyo imo katika kila simu, hata ile inayodharauliwa. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kazi ngumu kwa amplifaya ndogo iliyomo ndani ya simu ni kusukuma hedifoni, ambazo zinadai mkondo mkubwa wa umeme. Ukiiunganisha simu hiyohiyo na amplifaya ya nyumbani, tundu la kuingizia la amplifaya halidai karibu chochote, na simu inakaa katika hali yake ya raha kabisa. Kwa hiyo kicheza muziki cha mfukoni kinachoiendesha spika ya sebuleni kinafanya kazi nyepesi kuliko kinapoziendesha hedifoni njiani. Simu zisizo na tundu la jeki hazibadilishi hoja. Kile kiwaya kifupi cha kuchomeka mahali pa chaji huwa na chipu yake, na mara nyingi kinatosha.

Tatizo la kwanza, basi, ni faili. MP3 ilibuniwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na Karlheinz Brandenburg na wenzake, na ikawa kanuni ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ustadi wake ni kujua sikio linadanganyikaje: ngoma kubwa inapolia, sauti ndogo zilizo karibu nayo kwa mitetemo hufunikwa, kwa hiyo programu huzitupa na msikilizaji asijue. Muziki wa CD unakula kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 imeupunguza mara 11. Wimbo wa dakika nne unashuka kutoka megabaiti 42 hadi chini ya nne. Ukifanyika mara moja, kwa programu nzuri na kwa kilobiti 256 au 320, upunguzaji huu ni mgumu sana kuusikia, na anayesema ataugundua siku zote afungwe macho kwanza. Lakini wimbo unaofika Ziba haukupunguzwa mara moja. Mtu aliutoa kwenye CD kwa kilobiti 128, mwingine akaupandisha YouTube, ambako ulipunguzwa upya kwa mtindo mwingine, kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo akaushusha kwa programu inayougeuza tena kuwa MP3, na rafiki akaurekodi kwa simu na kuutuma kama sauti ya WhatsApp. Kila hatua ilitupa kile ilichoona hakihitajiki, bila kujua hatua iliyotangulia ilikwisha kutupa nini. Matoazi yanakuwa mchakacho, sauti ya mwimbaji inapata majimaji, makofi ya kiitikio hayana tena ncha.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba kunakili faili hakupunguzi kitu: ukilihamisha kutoka flashi moja hadi nyingine mara elfu, namba zitabaki zilezile, tofauti kabisa na kaseti. Kinachoua ni kugeuza, si kunakili. Na kugeuza hakurudi nyuma. Vibanda vingi huuza nyimbo za kilobiti 320 ambazo zilitoka kwenye chanzo cha 128, na faili kweli ni kubwa, lakini lita moja ya maziwa ukiimimina kwenye ndoo ya lita kumi bado ni lita moja. Njia ya kumjua muuzaji ni kumuuliza chanzo, si ukubwa. Kwa anayetaka kuwa na uhakika kuna FLAC, mtindo uliotoka mwaka 2001, ambao unalibana faili hadi karibu nusu bila kutupa chochote; simu za Android zimekuwa zikiusoma zenyewe tangu mwaka 2011. Memori kadi ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo kama 8,000 za kilobiti 128, au zaidi ya 1,000 za FLAC. Elfu moja zinatosha. Mtu mwenye nyimbo elfu nane huwa anasikiliza mia.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenzi wa zilipendwa, nalo lina uzito. Wanasema: bendi zile zilirekodiwa kwa vipaza sauti vichache ndani ya chumba kimoja cha Radio Tanzania Dar es Salaam, wote wakipiga kwa pamoja, tena bila stereo, kuna faida gani kuzitafutia faili zuri na spika nzuri? Mantiki hii inadhani kwamba sauti tuliyoisikia redioni ndiyo sauti iliyomo kwenye utepe. Sivyo. Utepe wa studio unahifadhi mitetemo mingi kuliko ile ambayo masafa ya kati na masafa mafupi yaliweza kupitisha, na kilichokatwa njiani ni kile hasa kinachowatenganisha wapigaji: ukali wa plekta kwenye waya, pumzi ya saksafoni kabla ya noti, mchanga ndani ya maraka. Anayetaka ushahidi asikilize toleo lililosafishwa vizuri, kama lile la tatu katika mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, lenye muziki wa dansi wa miaka ya 1960, kisha alilinganishe na nyimbo za wakati huohuo zilizokaa kwenye kadi ya mtaani. Au aende nyuma zaidi, kwenye rekodi alizozifanya Hugh Tracey mwaka 1950 alipopita Tanganyika na kuwarekodi Wanyamwezi na Wasukuma kwa kipaza sauti kimoja. Ni mono, ni za zaidi ya miaka 70, na bado zinamweka mwimbaji mbele yako na wanaoitikia nyuma yake. Uchache wa vipaza sauti haukuwa kasoro. Kasoro ziliongezwa baadaye.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa, kwa wale wenye fedha, wanaosema CD yenyewe haitoshi na kwamba anayetaka sauti ya kweli anunue kicheza muziki maalumu chenye biti 24 na namba kubwa kubwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha, katika jarida la wahandisi wa sauti wa Marekani, majaribio ambayo wasikilizaji walipigiwa muziki wa kiwango cha juu, kisha muziki uleule ukipitishwa kwenye kipimo cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Matokeo yao yalikuwa sawa na ya mtu anayebahatisha. Zipo tafiti zilizodai kuona tofauti ndogo, na mjadala haujafungwa, lakini tofauti inayobishaniwa na wataalamu ndani ya vyumba vya kimya haiwezi kuwa kitu cha kwanza cha kulipia kwenye nyumba ambayo friji linaunguruma na bodaboda inapita dirishani. Biti 24 zina kazi yake studio, ambako sauti hupandishwa na kushushwa mara nyingi. Kwa kusikiliza tu, 16 zinatosha na zinabaki.

Ukishapata faili lenye afya, namna ya kuunganisha ina maana zaidi kuliko jina la kifaa. Kuchomeka flashi moja kwa moja kwenye sabufa ni rahisi, lakini hapo kazi yote ya kusoma faili inafanywa na saketi ya bei ya chini iliyomo ndani ya sabufa, na nyingi hazijui FLAC. Ni afadhali simu iifanye kazi hiyo, kisha sauti ipite kwenye waya wenye jeki upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Sauti ya simu ipandishwe hadi karibu na mwisho, hatua moja au mbili chini yake, na kipimo cha kila siku kiwe kitufe cha sabufa. Wengi hufanya kinyume: simu iko nusu, sabufa iko juu kabisa, na kelele za waya zinakuzwa pamoja na muziki. Ikwalaiza ya simu na vile vitu vinavyoitwa kuongeza besi vizimwe. Bluetooth si adui kama inavyosemwa, kwa kuwa mtindo wake wa kawaida unafika hadi kilobiti 328 hivi kwa sekunde, ila ni ugeuzaji mwingine juu ya MP3, kwa hiyo waya ukiwepo utumike. Halafu kuna chaji. Ule mlio mwembamba au mvumo unaoanza pale simu inapochomekwa chaja ukiwa umeunganisha waya unatokana na umeme kuzunguka kati ya vifaa viwili. Chomoa chaja, utakoma. Nyumba zenye sola zina bahati isiyotajwa. Sabufa inayokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri inaepuka mvumo wa umeme wa gridi, mradi isiwekwe katikati yake invata ya bei ya chini, ambayo ina kelele zake.

Sasa spika, na hapa ndipo fedha inapopaswa kwenda. Maboksi ya sabufa hujaa namba: wati 3,000, wati 5,000, zikiandikwa PMPO. Namba hizo hazipimi kitu chochote ambacho sikio litakutana nacho. Ukigeuza sabufa nyuma utaona kibandiko kidogo kinachosema inakula umeme kiasi gani, labda wati 40 au 60, na hakuna mashine inayoendelea kutoa zaidi ya inavyopokea. Wala namba ya kweli isingekuwa jambo kubwa, kwa sababu kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli tatu tu, na ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu zinahitajika wati mara kumi hivi. Cha kutazama ni boksi lenyewe. Sabufa ndogo yenye tundu kubwa imetengenezwa ili ilie kwa nguvu kwenye eneo moja jembamba la besi, kwa hiyo kila noti ya gitaa la besi inatoka ikiwa noti moja, dum, dum, dum. Noti ya chini kabisa ya gitaa hilo ina mitetemo 41 kwa sekunde, na boksi dogo halina uwezo wa kuitoa. Linachotoa ni mwangwi wake wa juu na msukosuko. Spika mbili za mitumba za mbao, zilizochomolewa kwenye redio kubwa ya zamani na kuunganishwa na amplifaya ndogo, mara nyingi zinazishinda sabufa mpya za bei ileile. Fundi redio mzuri analijua hilo, ingawa si kila fundi atakuambia kabla ya kukuuzia.

Hapa mtetezi wa mziki mnene atasimama. Atasema ngoma ndiyo roho ya muziki wa huku, kwamba mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi pinzani ya ngoma ya Wasukuma, hayakuwahi kushindwa kwa sauti ndogo, na kwamba besi ni utamaduni, si ushamba. Namkubalia karibu yote. Lakini ngoma ya kweli ina pigo na ina kimya. Mkono unapotoka kwenye ngozi, sauti inashuka. Sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho haina kimya, pigo la kwanza bado linavuma la pili linapofika, na anayepiga ngoma mbili tofauti anasikika anapiga moja. Anayeipenda ngoma ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kushusha kitufe cha besi hadi pale ngoma zinapotengana.

Na sehemu kubwa ya uvumaji huo si ya sabufa, ni ya chumba. Chumba cha kawaida hujengwa futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Wimbi la sauti ambalo nusu yake inatosha katika urefu huo lina mitetemo kama 57 kwa sekunde, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kuta zote nne zinaungana kulikuza eneo hilohilo moja. Ni katikati kabisa ya besi. Sabufa ikiwekwa kwenye kona, chini ya meza ya televisheni, ambako ndiko inakowekwa, uvumaji unafika kilele chake. Isogezwe hatua moja kutoka kwenye kona, isilingane na katikati ya ukuta, na tofauti itasikika kabla wimbo haujaisha. Spika ndogo mbili zinazokuja na sabufa zisibebanishwe juu ya sabufa. Zitenganishwe mita mbili hivi, zifike usawa wa masikio ya aliyeketi, na msikilizaji akae mbele yao kwa umbali unaokaribiana na huo. Pazia zito, godoro lililoegemezwa ukutani, hata magunia ya mpunga yanayosubiri bei, vinanyonya mlio wa juu unaorudi kutoka kwenye plasta na sakafu ya saruji, lakini havigusi besi. Bati lisilo na dari lina tabu yake ya kutikisika kwenye noti fulani; misumari ikikazwa hupungua, haiishi.

Kuna anayeuliza kama yote haya yana maana mahali ambapo muziki husikilizwa zaidi uani kuliko sebuleni. Yana maana, na uani kuna faida ambayo chumba hakina. Nje hakuna kuta nne za kukuza mitetemo 57, kwa hiyo besi inapungua na wakati huohuo inasafishika, na nyimbo zilizovuma ndani zinaanza kutengana. Gharama yake ni ukubwa wa sauti, kwani nje hushuka desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Jibu si kuongeza sauti hadi spika zipasuke na jirani akose usingizi. Sabufa iegemezwe kwenye ukuta wa nyumba, chini, ili ukuta na ardhi virudishe mbele besi ambayo ingepotea nyuma, spika ndogo zipandishwe kwenye viti pande mbili, na wasikilizaji wakae karibu, mita mbili au tatu, badala ya kukaa mbali na kuomba kitufe kipandishwe. Kwa mpangilio huo nusu ya sauti iliyozoeleka inatosha kuwashibisha watu kumi, na simu inayoiendesha ni ileile iliyolaumiwa jana.